Talbot House, Poperinge: usiku mmoja katika nyumba ya mapumziko ya askari

Nyumba ninayoitathmini iko Gasthuisstraat namba 43, katika mji mdogo wa Poperinge, magharibi mwa Ubelgiji, kiasi cha kilomita 12 kutoka Ypres. Ukiitazama kutoka barabarani, ni nyumba ya tajiri wa zamani na hakuna zaidi: ghorofa kadhaa, madirisha marefu yaliyopangwa kwa mstari, na mlango unaofungukia mtaani. Inaitwa Talbot House. Siku hizi ni makumbusho na nyumba ya wageni kwa wakati mmoja, na mtu yeyote anaweza kulipia chumba akalala. Lakini ilipofunguliwa tarehe 11 Desemba 1915 ilikusudiwa askari wa Uingereza waliotoka mahandakini wakiwa na saa chache, au siku moja mbili, za kupumzika kabla ya kurudi walikotoka. Tulilala humo usiku mmoja, watu watatu, na ninaandika kama mgeni aliyelipa pesa yake. Historia nitaigusa sana kwa sababu ndiyo inayouzwa hapo. Mtu anayetaka kitanda tu, mji una vitanda vingine.

Mmoja wa wenzangu ni sajini mstaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, aliyewahi kupelekwa Darfur kulinda amani. Ni mtu wa Tanga, mwenye maneno machache, na ingawa amekwisha kuvua magwanda, sote bado tunamwita Afande. Wa pili ni mwalimu wa kwaya. Afande tulimchukua kwa makusudi. Mimi na mwalimu tunaweza kusifu mapazia na chai hadi jioni, lakini swali la msingi kuhusu nyumba hii ni kama kweli ilimfaa askari, na swali hilo hujibiwa vyema na mtu aliyewahi kuhesabu saa za ruhusa yake zikipungua moja moja.

Inafaa kwanza kueleza ruhusa yenyewe ilivyokuwa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa kawaida wa Uingereza aliyekuwa Ubelgiji au Ufaransa hakwenda kwao mara kwa mara. Likizo ya nyumbani ilikuwa ya siku chache, ilitolewa kwa zamu, na wapo waliosubiri zaidi ya mwaka mzima kabla ya jina lao kufikiwa, huku maofisa wakiipata upesi zaidi. Kwa hiyo mapumziko aliyoyategemea hayakuwa London wala kijijini kwao, bali katika mji wa kigeni ulio nyuma ya mstari wa mbele, pamoja na wale wale aliokuwa nao handakini. Kwa jeshi lililokuwa likipigana kuizunguka Ypres, mji huo ulikuwa Poperinge, ambao askari walilifupisha jina lake wakauita "Pop". Reli ilifika hapo, raia wengi walikuwa bado wanaishi na kufanya biashara, na ijapokuwa mizinga ya masafa marefu iliufikia mara kwa mara, mtu aliyetoka Ypres aliuona kama pepo. Alikuta mayai na chipsi, mvinyo mweupe wa bei nafuu, maduka, nyumba za makahaba, na foleni katika kila mlango, naye mshahara wake ulikuwa shilingi moja kwa siku. Mikahawa mizuri ilikuwa ya maofisa. Mmoja ulipata umaarufu kwa sababu ya binti wa mwenye mkahawa, msichana mwenye nywele nyekundu ambaye wateja walimwita Ginger, na sanamu yake ipo mpaka leo katika uwanja mkuu wa mji. Askari asiye na cheo hakuwa na njia ya kuketi humo, hata kama siku hiyo mfukoni mwake mlikuwa na fedha.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na makasisi wawili wa jeshi, Neville Talbot na Philip Clayton, ambaye kwa unene wake aliitwa Tubby. Sisi tungemwita Kibonge. Mwenye nyumba, tajiri wa hapo mjini, alikuwa ameondoka baada ya kombora kuharibu sehemu ya nyuma, akakubali kuikodisha kwa frangi 150 kwa mwezi, kwa sharti kwamba wapangaji waizibe isivuje na wamwondolee sefu kubwa iliyokuwa imebaki ndani. Nyumba ilipewa jina la Gilbert Talbot, mdogo wake Neville, luteni aliyeuawa huko Hooge tarehe 30 Julai 1915 akiwa na umri wa miaka 23. Watu wa mawasiliano jeshini waliitamka herufi T kama "Toc", na hivyo nyumba ikajulikana kwa herufi zake mbili, Toc H, jina ambalo baada ya vita lilichukuliwa na chama kizima cha watu wa kujitolea kilichoenea katika nchi nyingi.

Mgeni wa leo haingilii mlango wa mbele. Tiketi hukatwa upande wa pili, mtaa wa Pottestraat, na kutoka hapo unapitishwa kwenye maonyesho kuhusu maisha ya nyuma ya mstari wa vita, kisha kwenye ghala la zamani la hopsi, ile mimea ya kutambaa inayoipa bia uchungu wake na ambayo mpaka leo ndiyo fahari ya Poperinge. Ghala hilo lilikuwa ukumbi wa tamasha za askari, na leo huonyeshwa humo filamu inayoigiza tamasha hizo. Maonyesho ni mazuri, yamepangwa kwa akili, na sina la kuongeza juu yake. Ukitoka hapo unaivuka bustani ndipo unaingia nyumbani, na ningemshauri kila mtu asitumie nguvu zake zote kusoma mabango ya mwanzo, kwa kuwa kitu cha thamani kiko mbele.

Kitu hicho kwangu kilianza na ramani. Ni ramani ya kivita ya eneo la Ypres, iliyotundikwa ukutani, na pale ambapo pangekuwa na majina yanayojulikana sana karatasi imechakaa, imeingia weusi na kufutika. Haikuchanwa wala kuloweshwa na mvua. Imelika kwa vidole. Askari mmoja baada ya mwingine alisimama hapo na wenzake, akaweka kidole akisema sisi tuko hapa, tulikuwa pale, fulani aliachwa karibu na msitu huu, na kidole baada ya kidole kikaondoa jina la mahali penyewe. Afande alisimama mbele yake muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya kitu kingine chochote siku ile. Nilimwona akiinua kidole cha shahada, akakisogeza mpaka karibu kabisa na kioo, kisha akakirudisha na kuiweka mikono yake nyuma. "Ndivyo inavyokuwa," alisema. "Ukipewa ruhusa, kitu cha kwanza unachofanya ni kuzungumzia kule ulikotoka." Sentensi hiyo ilinifunulia zaidi kuliko mabango yote ya ghalani. Mtu asiyewahi kuwa askari hudhani kwamba likizo ni kusahau, na hata nyumba yenyewe ilijaribu kuwaambia hivyo, kama nitakavyoeleza nikifika bustanini. Lakini waliokuja walikuja kwa makundi, na kundi la watu waliopigana pamoja haliwezi kukaa kimya juu ya jambo pekee wanalolijua wote.

Karibu na hapo palikuwa na kona iliyoitwa Kona ya Urafiki. Askari aliandika jina lake na kikosi chake, na mara nyingine jina la mtu anayemtafuta, iwe ndugu, jirani wa kwao au rafiki wa shule, akiamini kwamba huyo naye siku moja atapita Poperinge na kuusoma ubao huo. Ni huduma isiyogharimu kitu, na ndiyo ninayoipa alama za juu kuliko zote. Katika jeshi la mamia ya maelfu ya watu, ambamo barua zilisomwa na wakaguzi na mahali pa kikosi palikuwa siri, kasisi mmoja mnene alitundika ubao na kuwaacha watu watafutane.

Maktaba nayo ilikuwa na utaratibu ambao ningependa kuuona katika maktaba zetu. Askari aliyetaka kuazima kitabu hakujaza fomu wala kuweka rehani ya fedha. Aliacha kofia yake. Kwa kuwa hakuna askari awezaye kutokea gwarideni kichwa wazi bila kutafuta adhabu, kitabu kilirudi. Afande alicheka kwa sauti aliposikia hilo, akavua kofia yake ya pama akaiweka juu ya rafu, kisha akaniuliza kwa sura ya ukali kama sasa anaweza kuondoka na juzuu lile nene la pembeni. Mzee wa kujitolea aliyekuwa zamu, ambaye nadhani ameona mzaha huo mara nyingi, alimjibu kwa saluti.

Ucheshi kwa kweli ndio ulioiendesha nyumba hii, na umebaki ukutani. Clayton hakuwa mtu wa kubandika makatazo. Aliandika vibao vifupi vya kejeli, na vingi vimehifadhiwa au kuandikwa upya. Kimoja kina mshale unaoelekea mlango wa nje na maneno ya kuwaelekeza waliokata tamaa njia ya kutokea. Kingine kinaeleza kwamba vikapu vya takataka vimewekwa kwa ajili ya mapambo tu. Kipo pia kinachomwambia mgeni kwamba ikiwa kwao ana tabia ya kutema mate juu ya zulia, basi na hapa ateme. Nimewahi kuingia mabweni na kambi nyingi zenye mabango ya "marufuku" kuanzia getini hadi chooni, na ninakiri kwamba hakuna hata moja lililonifanya nione haya kama ambavyo kibao hiki kingenifanya nione laiti ningekuwa na mate mdomoni.

Kibao maarufu kuliko vyote kiko juu ya mlango wa chumba cha kasisi, na kinamtaka kila anayeingia aache cheo chake nje. Hapa ndipo tathmini yoyote ya nyumba hii lazima isimame kidogo, kwa sababu watu wengi wanaisifu kwa neno hilo moja bila kulichunguza. Talbot House ilijitangaza kuwa klabu ya kila mtu, na kwa jeshi la Uingereza la mwaka 1915, ambamo ofisa na askari wa kawaida hawakuweza kuketi meza moja mjini, tangazo hilo lilikuwa jambo zito. Wapo waliokutana humo wakinywa chai bega kwa bega, jenerali na mtu wa kuchimba mitaro. Hata hivyo, vitanda vya ghorofani vilikuwa vya maofisa waliopita, nao walitozwa frangi tano, kwa hesabu ya kuwatoza wenye nacho ili wasio nacho wahudumiwe bure. Na kile kilichoitwa Chumba cha Jenerali kilipata jina lake kwa sababu kilikuwa na kitanda chenye mashuka ya kweli. Nilitaka kulalamika juu ya hilo, Afande akanizuia. Kwa maoni yake, askari hahitaji kuambiwa kwamba vyeo havipo, kwa sababu anajua vipo na kesho asubuhi atavipigia saluti. Anachohitaji ni saa mbili ambazo hakuna mtu atakayemtuma. "Akae tu," alisema. "Asiitwe." Nilipolitazama jambo kwa kipimo hicho niliona kwamba nyumba ilitimiza ahadi yake, tena kwa bei nzuri.

Bustani ni pana kuliko mtu anavyotarajia katikati ya mji, imezungushiwa ukuta, ina nyasi na miti mikubwa, na askari walialikwa kwa kibao waingie humo na kuisahau vita. Tuliketi kwenye benchi alasiri nzima. Sauti pekee zilikuwa za ndege na kengele ya kanisa la jirani. Nilijaribu kufikiria mizinga ikisikika kutoka upande wa Ypres, na watu waliolala kifudifudi juu ya nyasi hizi kwa sababu mgongo umesahau kulala bila kuhofia udongo kuporomoka, na nikaona kwamba bustani ndiyo anasa kubwa kuliko zote: mahali ambapo mtu anaweza kusimama wima, akajinyoosha, na hakuna mdunguaji anayemwona. Mwalimu wa kwaya alisinzia. Hatukumwamsha.

Hapo hapo bustanini nilikumbuka, na nitasema mara moja nisirudie, kwamba katika miaka ile ile ya 1914 hadi 1918 watu wetu walikuwa wakibeba mizigo ya vita hiyo hiyo kutoka pwani hadi mto Ruvuma na kwingineko, wakifa kwa njaa, kuhara na malaria kwa maelfu mengi. Jina la kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, ndilo lililotuachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wao pia walikuwa na kambi. Lakini hakuna nyumba ya mazulia na bustani iliyofunguliwa kwa ajili yao, na ninaposema kwamba Talbot House ilikuwa klabu ya kila mtu, ninajua "kila mtu" huyo alikuwa nani.

Sasa huduma ya leo. Vyumba vya kulala ni vichache na ni vya kawaida: kitanda safi, meza, dirisha, picha za zamani ukutani. Vingi vinatumia bafu la pamoja, jambo ambalo mgeni aliyezoea hoteli anapaswa kulijua mapema asije akanung'unika kwenye korido usiku wa manane. Sakafu ni za mbao na zinalia. Ukishuka kunywa maji, nyumba nzima imepata habari. Ngazi ni nyingi, na zile za mwisho ni kali, kwa hiyo mwenye matatizo ya magoti aulize kuhusu chumba cha chini kabla ya kulipa. Bei sitaitaja kwa kuwa hubadilika kwa msimu, lakini kwa tulichopata hatukuona tumeonewa. Chai hutolewa kwa wageni jikoni, kama ilivyotolewa wakati wa vita, na wanaoimimina ni watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu kutoka Uingereza wanaokuja kukaa kwa zamu. Kuna tofauti kati ya mtu anayekuhudumia kwa sababu analipwa na mtu aliyesafiri kwa gharama zake ili akumiminie chai, na tofauti hiyo huionja. Usiku uliotangulia tulikuwa katika hoteli moja ya mji mwingine, ambayo sitaitaja, iliyodai kwamba haikuona majina yetu na ikatuweka sebuleni saa mbili na mizigo yetu. Labda ndiyo sababu kikombe kile cha kwanza kilitugusa kuliko kawaida.

Jioni, wageni wa mchana walipokwisha kuondoka, tulibaki na piano. Ni piano ya zamani, ambayo askari waliizunguka wakiimba, na mgeni haruhusiwi tu kuitazama, anaruhusiwa kuipiga. Mwalimu wa kwaya alijaribu kwanza kwa vidole viwili, akaisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, akatikisa kichwa juu ya sauti mbili tatu zilizochoka, kisha akaketi sawasawa na kupiga wimbo wa ibada ya jioni ambao sote tuliujua tangu utoto, hata Afande ambaye ni Mwislamu na aliujulia kwa majirani. Mama mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akiosha vikombe alikuja akasimama mlangoni na kitambaa mkononi. Alikuwa akiujua kwa lugha yake, kwa kuwa nyimbo hizi zilitufikia sisi kupitia kwao, akaimba sauti ya pili. Kama nyumba hii ingekuwa na huduma hiyo moja tu, yaani sebule, kinanda na ruhusa ya kukigusa, bado ningeiandikia.

Juu kabisa, chini ya paa, palipokuwa pakianikwa hopsi, ndipo penye kanisa dogo. Waliita Chumba cha Juu, na msomaji wa Injili anaelewa kwa nini: ni chumba cha orofani, na waliokula humo chakula cha Bwana wengi walikuwa wakiondoka usiku ule ule. Madhabahu yake ni benchi la kazi la seremala. Unapanda kwa ngazi nyembamba, ukiinamisha kichwa, unatokea kwenye mwanga hafifu, boriti nene na zulia. Afande alipofika juu alivua viatu bila kuambiwa na mtu, akavipanga pembeni ya ngazi, akaketi nyuma kabisa. Hatukuzungumza. Sitaki kuielezea zaidi sehemu hii, maana ni sehemu inayoharibika kwa maneno. Nitasema tu kwamba anayekwenda na kundi kubwa afanye hila apande peke yake, ikiwezekana asubuhi mapema, ambayo ni faida ya kulala humo badala ya kukata tiketi ya mchana.

Asubuhi tulitembea dakika chache hadi ukumbi wa mji, na ninaliweka tendo hili ndani ya tathmini kwa sababu bila hilo ziara ina nusu moja tu. Hapo zipo seli mbili ambamo askari walifungiwa, na uani imesimama nguzo ya kuulia kwa risasi, yaani nguzo waliyofungwa wale waliohukumiwa kuuawa na wenzao kwa amri ya mahakama ya kijeshi. Wengi wa waliouawa hivyo katika jeshi la Uingereza walihukumiwa kwa kutoroka, na mwaka 2006 serikali ya nchi hiyo iliwasamehe askari 306 waliouawa kwa makosa ya aina hiyo. Wa mwisho kupigwa risasi hapo Poperinge alikuwa kibarua Mchina, mwezi Mei 1919, vita ikiwa imekwisha, na kosa lake lilikuwa la kuua. Sikujua namna ya kuiunganisha nguzo hiyo na bustani ya jana mpaka Afande aliponiunganishia. Alitazama saa yake, kama mtu anayepima umbali, akasema kwamba cheti cha ruhusa kina saa ya kuondoka na saa ya kurudi, na kwamba kutoka kwenye kiti chenye mto hadi hapa ni kuchelewa tu. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza ratiba ya basi.

Clayton mwenyewe alilazimika kuifunga nyumba mwaka 1918, Wajerumani walipokaribia, akairudisha kazini mwishoni mwa Septemba mwaka huo huo. Baada ya vita ilirudi kwa mwenyewe, hadi mwaka 1929 iliponunuliwa kwa fedha za Lord Wakefield, tajiri wa Uingereza, na kukabidhiwa chama cha Toc H. Wajerumani walipoikalia Poperinge katika vita vya pili, majirani waliingia wakabeba vitu vya nyumba na kuvificha majumbani mwao, kisha wakavirudisha mji ulipokombolewa mwaka 1944. Nilipoambiwa hivyo nikiwa bado ninashangaa kwamba kila kitu kinaonekana kama kimekaa mahali pake tangu zamani, nilielewa kwamba hakikukaa chenyewe.

Nani aende? Anayependa historia ya vita kwa kuhesabu mizinga na bunduki atapata kidogo hapa, na afadhali aelekee makumbusho ya Ypres, ambako pia jioni saa mbili kamili tarumbeta hupigwa kila siku chini ya lango la Menin. Mwenye watoto wadogo awaangalie ngazini. Anayetaka kujua mtu hufanya nini na saa sita za uhuru akiwa mbali na kwao, na wenzake wawili watatu, huku akijua anarudi wapi, basi alale hapa, wala asije mchana tu. Treni inafika Poperinge na kuishia hapo, na kituo si mbali kwa miguu. Chumba kiagizwe mapema, hasa kwa mwezi wa Novemba, wakati wa kumbukumbu za kumalizika kwa vita, ambapo eneo lote la Ypres hujaa.

Tulipofika mezani kulipa, Afande alikataa kutoa pesa yake. Alidai, kwa Kiingereza cha taratibu na uso usiocheka, kwamba kwa sheria ya nyumba hii wanaolipia kitanda ni maofisa, na yeye alistaafu akiwa sajini. Mzee wa zamu alilifikiria jambo hilo kwa heshima zote, akafungua daftari kana kwamba anatafuta sheria yenyewe, kisha akaisogeza bili mbele yangu.